Uraia wa Ardhi ya Kuzaliwa: Watoto wa Wahamiaji Wasio na Vibali katika Sheria ya Marekani

Mtoto anayezaliwa ndani ya Marekani na wazazi walioingia bila kibali, au waliobaki baada ya viza zao kuisha, kwa vizazi kadhaa amehesabiwa kuwa raia tangu siku anayozaliwa. Hana fomu ya kujaza wala kiapo cha kula, na cheti chake cha kuzaliwa kinachotolewa na jimbo humtosha kuombea pasi ya kusafiria. Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kuwa mwaka 2016 watoto wa aina hiyo wapatao 250,000 walizaliwa nchini humo; mwaka 2007, idadi ilipokuwa juu zaidi, walifikia 390,000. Haki yao imejengwa juu ya sentensi moja iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1868. Kwa sentensi hiyo, kila aliyezaliwa au kupewa tajinisi Marekani, naye akiwa chini ya mamlaka ya nchi hiyo, ni raia wa Marekani na wa jimbo anamoishi.

Walioiandika hawakuwa na wahamiaji mbele ya macho yao kwanza. Walikuwa na watu weusi waliotoka utumwani. Lakini kanuni yenyewe ni kongwe kuliko Marekani. Mwaka 1603 Mfalme James wa Scotland alirithi pia kiti cha enzi cha Uingereza, na mabishano yakazuka iwapo Mskochi aliyezaliwa baada ya hapo ni mgeni Uingereza au ni mtu wa nyumbani. Mwaka 1608 majaji wa Uingereza, Edward Coke akiwa mmoja wao, waliamua kesi ya ardhi iliyofunguliwa kwa jina la mtoto mdogo, Robert Calvin, aliyezaliwa Scotland. Walisema kwamba anayezaliwa mahali palipo chini ya ulinzi na utii wa mfalme ni mtu wa mfalme huyo tangu kuzaliwa. Walioachwa nje walikuwa wachache: watoto wa mabalozi, na watoto wa jeshi la adui lililoikalia nchi. Taifa la baba au la mama halikuwa na uzito wowote.

Walowezi waliovuka Atlantiki walikwenda na sheria hiyo. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 ilitaja raia mara kadhaa bila kueleza raia ni nani, kwa hiyo mahakama ziliendelea kufuata mapokeo ya Kiingereza. Mwaka 1844 mahakama ya New York ilisikiliza shauri la urithi lililomhusu Julia Lynch, mwanamke aliyezaliwa mjini humo mwaka 1819 na wazazi wa Kiayalandi waliokuwa wakikaa kwa muda tu. Wazazi hao walirudi naye kwao angali mchanga. Hata hivyo mahakama iliamua kuwa ni raia wa Marekani. Hukumu hiyo haikuvuma sana wakati wake, lakini inaonyesha kwamba miaka zaidi ya ishirini kabla ya marekebisho ya Katiba, mtoto wa wapita njia alikwisha kuhesabiwa kuwa wa nchi.

Kanuni hiyo iliwaacha nje watu weusi. Dred Scott, mtumwa aliyewahi kuishi na bwana wake katika maeneo yasiyoruhusu utumwa, alidai uhuru wake mahakamani, na tarehe 6 Machi 1857 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Mkuu Roger Taney alikwenda mbali zaidi ya shauri lililokuwa mbele yake. Alitamka kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa, hata kama yeye mwenyewe ni huru na amezaliwa Marekani, hawezi kuwa raia. Katika historia yote ya mahakama hiyo ni vigumu kupata hukumu iliyoleta madhara makubwa kuliko hii. Ilifanya uraia uwe jambo la damu, na ikawaweka mamilioni ya watu waliozaliwa nchini katika hali ya kutokuwa wa nchi yoyote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, utumwa ukapigwa marufuku mwaka 1865, majimbo ya Kusini yalitunga haraka sheria za kuwabana walioachwa huru. Bunge lilijibu kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya Aprili 1866, iliyotangaza waliozaliwa nchini kuwa raia bila kujali rangi. Rais Andrew Johnson aliikataa. Bunge likaipitisha juu ya pingamizi lake. Warepublican wa siku hizo, waliokuwa na wingi Bungeni, walijua, hata hivyo, kwamba kinachotungwa na Bunge moja kinaweza kufutwa na jingine. Wakaamua kuliweka jambo hilo ndani ya Katiba, mahali ambapo wingi wa kura za msimu mmoja hauwezi kulifikia.

Tarehe 30 Mei 1866, Seneta Jacob Howard wa Michigan aliwasilisha sentensi ya uraia, na mjadala uliofuata ni sehemu muhimu kuliko zote za historia hii. Seneta Edgar Cowan wa Pennsylvania alisimama kupinga. Aliuliza iwapo watoto wa Wachina wa California watakuwa raia, na watoto wa jamii za kuhamahama za jimboni kwake ambazo, kwa maelezo yake, hazikuwa na utii kwa mtu yeyote na ziliingia ardhi za watu bila haki. Aliyemjibu alikuwa John Conness, seneta wa California, mwenyewe mhamiaji aliyezaliwa Ireland. Conness hakukwepa swali. Alisema ndiyo, watoto wa Wachina watakuwa raia, na kwamba yeye anaunga mkono hilo. Baraza lilipiga kura likijua hayo. Anayedai leo kwamba waandishi hawakuwafikiria watoto wa watu wasiotakiwa nchini anapaswa kwanza kusoma kumbukumbu za siku hiyo.

Maneno kuhusu kuwa chini ya mamlaka ya Marekani nayo yalielezwa. Yaliwatoa nje watoto wa mabalozi, ambao wazazi wao hawashitakiwi katika mahakama za nchi, na wenyeji asilia wa Amerika waliokuwa bado wakiishi chini ya serikali za makabila yao. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyobeba sentensi hiyo, yaliidhinishwa na majimbo ya kutosha tarehe 9 Julai 1868.

Hoja inayorudiwa mara nyingi ni kwamba mwaka 1868 hapakuwa na mhamiaji haramu, kwa sababu serikali kuu ilikuwa bado haijaanza kuzuia wahamiaji. Sheria ya kwanza ya namna hiyo ilikuja mwaka 1875. Hoja hiyo inawasahau Waafrika. Kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kulipigwa marufuku na sheria ya Marekani kuanzia mwaka 1808, lakini magendo yaliendelea kwa nusu karne. Mwaka 1860 meli iitwayo Clotilda iliwashusha kwa siri karibu na Mobile, Alabama, watu wapatao 110 waliotoka pwani ya Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Baadhi yao, vita vilipokwisha, walianzisha kijiji walichokiita Africatown, na wakazaa watoto pale. Kuwapo kwao nchini kulikuwa kinyume cha sheria tangu hatua ya kwanza ufukweni, ingawa kosa halikuwa lao bali la waliowateka na kuwanunua. Hakuna aliyependekeza mwaka 1868 kwamba watoto wa waliosafirishwa kwa magendo wachambuliwe na kunyimwa uraia. Walikuwa raia sawa na wengine wote, na ndio waliokuwa watoto wa kwanza wa aina hii kulindwa na Marekebisho ya 14.

Wenyeji asilia hawakupata bahati hiyo. John Elk, aliyeacha kabila lake na kuhamia Omaha, Nebraska, alizuiwa kujiandikisha kupiga kura mwaka 1880. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ilisema kuwa kwa kuzaliwa ndani ya kabila hakuzaliwa chini ya mamlaka kamili ya Marekani. Watu waliokuwa na ardhi hiyo kabla ya wote wakabaki wageni ndani yake hadi Bunge lilipowapa uraia wote kwa sheria ya tarehe 2 Juni 1924.

Mtihani mkubwa uliletwa na Wachina. Walikuja California kuchimba dhahabu na kujenga reli, na tarehe 6 Mei 1882 ikatiwa saini sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Sheria hiyo iliwanyima pia tajinisi, hata waliokaa miaka mingi. Mzazi hakuweza kabisa kuwa raia. Je, mtoto wake? Mwaka 1884 Stephen Field, jaji wa Mahakama ya Juu aliyekuwa akisikiliza mashauri California, alimruhusu aingie kijana wa miaka 14, Look Tin Sing, aliyezaliwa Mendocino na kupelekwa China akiwa mdogo. Lakini hiyo ilikuwa hukumu ya mahakama ya chini, na serikali ilikuwa ikitafuta kesi ya kufika nayo juu.

Ilimpata Wong Kim Ark. Alikuwa mpishi, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1873 kwa mujibu wa kumbukumbu za shauri lake, mtoto wa wafanyabiashara wa mtaa wa Wachina. Wazazi wake walirudi China mwaka 1890. Yeye alikwenda huko kwa muda akarejea bila tatizo. Mwaka 1894 alisafiri tena. Aliporudi Agosti 1895 kwa meli ya Coptic, mkuu wa forodha wa bandari, John Wise, alimzuia asishuke, akidai kwamba si raia. Kijana huyo alikaa miezi kadhaa akihamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, akiutazama mji aliozaliwa bila kuruhusiwa kuukanyaga. Muungano wa vyama vya Wachina wa San Francisco, uliojulikana kama Kampuni Sita, ulimtafutia wakili. Januari 1896 Jaji William Morrow aliamua kuwa ni raia. Serikali ikakata rufaa.

Mahakama iliyoisikiliza rufaa hiyo ndiyo iliyokuwa imehalalisha ubaguzi wa rangi katika mabehewa ya treni mwaka 1896, kwa hiyo Wachina hawakuwa na sababu ya kutarajia mema. Serikali ilidai kuwa wazazi wa Wong walikuwa watu wa mfalme wa China, na mtoto naye akazaliwa na utii huo. Tarehe 28 Machi 1898, kwa kura 6 dhidi ya 2, hoja hiyo ilikataliwa. Jaji Horace Gray aliandika hukumu ndefu iliyorudi hadi kesi ya Calvin, akahitimisha kwamba Marekebisho ya 14 yalithibitisha kanuni ya zamani ya uraia wa ardhi pamoja na vighairi vyake vichache: watoto wa mabalozi na watawala wa kigeni, waliozaliwa katika meli za serikali za kigeni, watoto wa adui aliyeikalia nchi, na watoto wa makabila ya wenyeji. Aliongeza hoja iliyowagusa wazungu wenyewe: ukimnyima uraia mtoto wa Mchina kwa sababu ya wazazi wake, utawanyima pia maelfu ya watoto wa Waingereza, Waayalandi na Wajerumani ambao siku zote wamehesabiwa kuwa raia.

Waliopinga walikuwa Jaji Mkuu Melville Fuller na John Marshall Harlan. Harlan ndiye aliyesimama peke yake mwaka 1896 kuwatetea watu weusi katika shauri la treni. Kwamba hata yeye hakuweza kumwona mtoto wa Mchina kuwa Mmarekani kunaonyesha jinsi chuki ya siku zile ilivyozama.

Hukumu hiyo iliacha mlango mmoja wa ubishi. Gray alitaja kwamba wazazi wa Wong walikuwa na makazi ya kudumu Marekani, na wapinzani wa uraia wa ardhi wameling'ang'ania neno hilo mpaka leo. Lakini kiini cha hoja yake kilikuwa utii kwa sheria: mgeni aliye nchini, awe wa siku moja au wa miaka hamsini, akivunja sheria atashitakiwa, na akidhulumiwa atalindwa. Huyo yuko chini ya mamlaka ya nchi, na anayezaliwa naye pia.

Ushindi mahakamani haukuwa amani. Wong alikamatwa El Paso, Texas, mwaka 1901 kwa tuhuma za kuwa Mchina asiye na haki ya kuwapo, akalazimika kuuthibitisha upya uraia ambao Mahakama ya Juu yenyewe ilikuwa imeutangaza kwa jina lake. Mwanawe mkubwa alipowasili kutoka China mwaka 1910, maofisa hawakuamini kuwa ni mwanawe, wakamrudisha. Tetemeko na moto wa San Francisco wa mwaka 1906 viliteketeza kumbukumbu nyingi za vizazi, na tangu hapo kila Mchina aliyedai kuzaliwa mjini humo aliulizwa maswali ya kutilia shaka, huku wengine wakilitumia pengo hilo kujipatia ukoo wa makaratasi.

Yaliyowapata Wachina yaliwapata Wamexico katika miaka ya 1930. Uchumi ulipoanguka, serikali za miji na wilaya ziliwasukuma mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Mexico kuvuka mpaka kuelekea kusini, kwa treni na kwa vitisho. Wengi wao walikuwa watoto waliozaliwa Marekani. Cheti cha kuzaliwa hakikuwasaidia, kwa sababu hakuna aliyewaomba wakionyeshe. California iliomba radhi kwa sheria mwaka 2005, baada ya wengi wao kuwa wamekwisha kufa.

Baada ya mwaka 1965, sheria mpya za uhamiaji ziliwekea mipaka ya idadi nchi za Amerika, na vibarua wa mashambani waliozoea kwenda na kurudi wakajikuta bila vibali. Ndipo swali la watoto wao lilipopata sura liliyo nayo leo. Texas ilipitisha sheria mwaka 1975 ya kuwanyima shule za umma watoto wasio na vibali. Mwaka 1982, katika shauri la Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu iliifuta kwa kura 5 dhidi ya 4. Watoto wa shauri hilo hawakuwa wamezaliwa Marekani, lakini Jaji William Brennan alieleza kwamba kwa maana ya mamlaka ya nchi hakuna tofauti ya msingi kati ya mgeni aliyeingia kihalali na yule aliyeingia bila kibali. Mwaka 1985, katika shauri la wenzi waliotakiwa kufukuzwa, mahakama hiyo ilitaja bila mabishano kuwa mtoto wao aliyezaliwa nchini ni raia.

Mwaka huohuo wa 1985 wasomi wawili, Peter Schuck na Rogers Smith, walichapisha kitabu wakidai kwamba uraia unahitaji ridhaa ya taifa, na kwamba Bunge linaweza kuwatenga watoto wa walioingia bila idhini. Mwaka 1993 Seneta Harry Reid wa Nevada aliwasilisha muswada wa aina hiyo. Baadaye aliujutia hadharani. Miswada iliyofuata karibu kila kipindi cha Bunge haikupita.

Wanaotaka kanuni ifutwe husema mtoto hutumiwa kama nanga ya kuwashikilia wazazi nchini. Sheria haiwapi wazazi nanga hiyo. Mtoto hawezi kumwombea mzazi ukaazi mpaka atimize miaka 21, na hata hapo mzazi aliyevuka mpaka bila kukaguliwa kwa kawaida hulazimika kutoka nje kwanza, ambako sheria ya mwaka 1996 inaweza kumfungia asirudi kwa miaka 10. Wazazi wa raia hufukuzwa kila mwaka. Mpango wa Rais Barack Obama wa Novemba 2014, uliokusudia kuwaahirishia kufukuzwa wazazi wa watoto raia, ulizuiwa mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu iligawanyika kura 4 kwa 4, zuio likabaki. Cheti chenyewe pia huweza kuwa kikwazo. Texas ilipoanza kukataa vitambulisho vya ubalozi wa Mexico, akina mama wasio na vibali walishindwa kuchukua vyeti vya watoto wao raia, mpaka shauri lilipomalizwa kwa makubaliano mwaka 2016.

Nje ya bara la Amerika, nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zimeiacha kanuni ya Calvin. Uingereza yenyewe iliifuta kuanzia tarehe 1 Januari 1983, Australia mwaka 1986, na Ireland kwa kura ya maoni ya mwaka 2004. Afrika Mashariki nayo ilipitia njia hiyo. Katiba ya uhuru ya Kenya ilimpa uraia kila atakayezaliwa nchini tangu uhuru wa Desemba 1963, lakini marekebisho ya mwaka 1985 yalidai mzazi mmoja awe raia, tena kwa kurudi nyuma hadi siku ya uhuru. Tanzania imehifadhi katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 maneno yanayokaribia kabisa yale ya Coke, yakiwatoa nje watoto wa mabalozi na wa adui tu, ingawa kiutendaji mamlaka zimekuwa zikitaka mzazi raia. Wamakonde wa Kwale, wajukuu wa vibarua wa mkonge na miwa waliotoka hasa Msumbiji, waliishi Kenya vizazi vitatu bila vitambulisho hadi walipoandamana kwenda Nairobi mwaka 2016 na kukubaliwa.

Jamhuri ya Dominika ilionyesha kanuni hii inavyoweza kung'olewa kwa ukatili. Tarehe 23 Septemba 2013 mahakama yake ya katiba iliamua kuwa waliozaliwa humo na wazazi wasio na vibali hawakuwa raia, na ikaupeleka uamuzi huo nyuma hadi mwaka 1929. Watu wengi wenye asili ya Haiti, wakiwamo wazee, waliamka bila nchi. Sheria ya mwaka 2014 iliwarudishia uraia baadhi yao.

Nchini Marekani, Rais Donald Trump alitia saini amri siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, tarehe 20 Januari 2025. Iliagiza idara za serikali zisitambue uraia wa mtoto ambaye mama yake hana kibali, au ana kibali cha muda kama viza ya masomo, ikiwa baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Ingehusu watakaozaliwa siku 30 baada ya hapo. Majimbo 22 yalikwenda mahakamani, na siku ya tatu Jaji John Coughenour wa Seattle aliisimamisha. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilipunguza uwezo wa majaji wa wilaya kutoa zuio la nchi nzima, bila kugusa uhalali wa amri yenyewe. Wiki mbili baadaye Jaji Joseph Laplante wa New Hampshire aliizuia upya, safari hii kupitia shauri la pamoja kwa niaba ya watoto wote wanaohusika, na tarehe 5 Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuusikiliza mgogoro wenyewe.

Utekelezaji wa amri hiyo usingewagusa wasio na vibali peke yao. Cheti cha kuzaliwa cha Marekani huonyesha mahali na siku ya kuzaliwa, wala hakisemi lolote kuhusu hali ya uhamiaji ya wazazi. Kama uraia utategemea hali hiyo, kila mzazi, awe raia wa vizazi kumi au mgeni wa mwaka mmoja, atapaswa kuleta uthibitisho wake kabla mtoto hajatambuliwa, na mtoto ambaye nchi ya wazazi wake hairithishi uraia kwa waliozaliwa nje atabaki bila utaifa wowote.